Uzito Usioandikwa kwenye Gongo

Gongo la softiboli ya mrusho wa kasi huuzwa kwa namba tatu: urefu, uzito, na tofauti kati ya hizo mbili. Gongo lenye urefu wa inchi 33 na uzito wa aunsi 23, yaani sentimita 84 na gramu 650 hivi, huitwa hasi 10, kwa kuwa aunsi zake zimepungua kumi chini ya inchi zake. Mzazi wa Oklahoma au California anayemnunulia binti yake gongo huanza na namba hizo, kisha huambiwa habari za nyuzi za kaboni, vipande viwili vilivyounganishwa na tumbo, yaani sehemu nene ya kupigia, lenye kuta mbili, mwishoni hutoa zaidi ya dola 400 kwa gongo la daraja la juu. Katika mazungumzo yote hayo, namba inayoamua zaidi jinsi binti huyo atakavyolizungusha gongo lake haitajwi. Haikuchapwa kwenye mpini, haimo kwenye boksi, na muuzaji mara nyingi haijui. Kutokuwepo kwake ndiko kunakoendesha sehemu kubwa ya mkanganyiko kuhusu magongo, na hakuna sababu ya msingi ya kuificha.

Ili kuona kwa nini namba hiyo ina uzito wote huo, tuanze na muda ambao mpigaji anao.

Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, lakini mchezo wa mrusho wa kasi unaochezwa leo na wanawake una vipimo vya peke yake. Mrushaji husimama futi 43 kutoka kwenye besi ya nyumbani, sawa na mita 13.1. Hurusha kwa kuuzungusha mkono kutoka chini, na kabla ya kuuachia mpira huwa amekwisha kuruka hatua ndefu mbele, hivyo mpira huanza safari yake takriban mita 11.5 kutoka kwa mpigaji. Warushaji wa daraja la juu hurusha kwa kasi ya kilomita 105 hadi 115 kwa saa. Monica Abbott wa Marekani alipimwa mwaka 2012 akirusha kwa kasi ya maili 77 kwa saa, yaani kilomita 124. Mpira wa kilomita 113 kwa saa humfikia mpigaji ndani ya sekunde 0.37 hivi, na njiani unaweza kuzama, kupinda au kuja juu kifuani. Mwaka 2004 mrushaji Jennie Finch alimtoa Albert Pujols, mmoja wa wapigaji wakubwa wa besiboli wa kizazi chake, katika mchezo wa maonyesho. Pujols alikuwa na nguvu za kutosha. Mpira ulimjia kwa pembe na mwendo ambao macho yake hayakuwa yameuzoea.

Ndani ya sehemu hiyo ndogo ya sekunde sharti mpigaji aone, aamue, na alete gongo mahali mpira ulipo. Kulizungusha kwenyewe kunachukua karibu nusu ya muda huo. Ndiyo maana magongo ya mrusho wa kasi ni mepesi kuliko ya besiboli ya wakubwa: vyuo vya Marekani hucheza besiboli kwa magongo yasiyozidi hasi 3, ilhali wasichana wa softiboli hutumia kuanzia hasi 8 hadi hasi 13. Kanuni za softiboli zinaweka mipaka mipana sana: urefu usizidi inchi 34, unene wa tumbo usizidi inchi 2.25, uzito usizidi aunsi 38. Hakuna mchezaji wa kike anayekaribia aunsi hizo 38. Kwa hiyo mipaka hiyo iliyochapwa kitambo haimbani mtengenezaji kwenye uzito. Kinachombana ni kasi ya mpira unaotoka kwenye gongo, na historia yote ya nusu karne iliyopita ni historia ya kasi hiyo kupanda na wenye kanuni kuikimbiza.

Magongo ya mbao yalitawala hadi kufikia mwaka 1970 hivi, aluminiamu ilipoingia. Mwanzoni aluminiamu ilipendwa kwa sababu ya kawaida kabisa: haivunjiki. Timu ya shule iliyokuwa ikipoteza magongo kila mwezi sasa ilikuwa na gongo la misimu kadhaa. Lakini gongo la chuma ni bomba lenye uwazi ndani, na bomba hufanya jambo ambalo gogo la mbao haliwezi. Linapogongwa na mpira, ukuta wake hubonyea kidogo kisha hurudi.

Hapa ndipo palipo kiini cha jambo, na panastahili kukaliwa. Mpira wa softiboli ni dhaifu sana katika kurudisha nguvu. Mpira rasmi wa inchi 12 wa mrusho wa kasi una kipimo cha mrudio cha 0.47, maana yake ukipigwa kwenye ukuta mgumu kwa kasi ya maili 60 kwa saa, unarudi kwa asilimia 47 tu ya kasi hiyo. Kwa kuwa nishati hufuata kasi iliyojizidisha yenyewe, 0.47 mara 0.47 ni 0.22: mpira umebaki na asilimia 22 ya nishati yake, na asilimia 78 imepotea ndani yake kama joto la msuguano wakati unapobanwa na kutanuka. Gongo la mbao ni kama ukuta ule mgumu; mpira unafanya kazi yote ya kubonyea, na kila unapobonyea unapoteza. Ukuta wa bomba ukibonyea badala ya mpira, nishati iliyohifadhiwa kwenye ukuta hurudi karibu yote. Kadiri tumbo la gongo linavyokubali kubonyea, ndivyo mpira unavyobonyea kidogo na kupoteza kidogo. Wanafizikia huita jambo hili athari ya trampolini, na lote hutokea ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kila uvumbuzi uliofuata ulikuwa njia mpya ya kuulegeza ukuta bila kuupasua. Titani ilijitokeza mwaka 1993, nyembamba na yenye nguvu, ikapigwa marufuku baada ya muda mfupi kwa kuwa iliupeleka mpira mbali mno. Ray DeMarini, mchezaji na fundi wa Oregon, alileta gongo la kuta mbili, na wazo lake ni mfano mzuri wa fizikia inayoonekana rahisi mtu akishaieleza. Ugumu wa ukuta dhidi ya kupinda hufuata unene wake uliojizidisha mara tatu. Ukiugawa ukuta mmoja katika kuta mbili zenye nusu ya unene kila moja, zinazoteleza moja juu ya nyingine, kila ukuta una ugumu wa moja ya nane ya ule wa awali, na mbili pamoja zina robo. Kiasi cha chuma ni kilekile, uzito ni uleule, na tumbo limelegea mara nne. Dan Russell, mwanafizikia wa Penn State aliyetumia miaka mingi kusikiliza magongo, ameonyesha kwamba ulegevu huo unasikika: tumbo hutetemeka kwa duara mara elfu moja na kitu hadi zaidi ya elfu mbili kwa sekunde, na magongo yenye mlio wa chini ndiyo yanayoupeleka mpira kwa kasi zaidi. Mlio mwembamba wa gongo la aluminiamu la ukuta mmoja, ule unaotoboa masikio, ni dalili ya ukuta mgumu.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa resini, na mchezo ukabadilika. Chuma kina ugumu uleule pande zote. Ukikipunguza unene ili tumbo libonyee, unakidhoofisha pia kwa urefu. Nyuzi hupangwa. Fundi anaweza kuzielekeza ili gongo liwe gumu kwa urefu na laini kwa mzunguko, au kinyume chake, na anaweza kuhamisha gramu kutoka nchani kwenda mpinini bila kubadili jumla ya uzito. Hilo la mwisho halikutangazwa kwa kelele kama mengine, ingawa kwa maoni yangu lilikuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu ndilo lililofanya namba ya aunsi iliyoandikwa kwenye gongo ipoteze maana. Magongo mawili ya inchi 33 na aunsi 23, ya kampuni mbili, au hata ya kampuni moja, sasa yanaweza kuwa vitu viwili tofauti mkononi.

Nyuzi zilileta pia tatizo ambalo chuma hakikuwa nalo. Gongo la aluminiamu likitumika hubonyea mahali, hupata kovu, na mwisho hupasuka. Linazidi kuwa baya au linabaki lilivyo. Gongo la nyuzi kila likipigiwa mpira, resini yake hupata nyufa ndogondogo zisizoonekana, matabaka huanza kuachana, na tumbo hulainika. Kwa hiyo gongo linazidi kuwa kali kadiri linavyokaribia kufa. Lililopita mtihani wa kiwandani likiwa jipya linaweza kuvuka kikomo baada ya mapigo mia kadhaa. Wenye haraka hawasubiri hata mapigo hayo: hulipitisha gongo kati ya magurudumu ya kulibana ili nyufa zije upesi, au hufungua ncha na kukwangua ukuta kwa ndani ukawa mwembamba. Kukwangua ni udanganyifu wa wazi, na anayefanya hivyo anahatarisha uso wa binti wa mtu mwingine. Nalisema hili bila kulipunguza makali. Mpira ukitoka kwenye gongo kwa maili 98 kwa saa, kikomo cha kisheria tutakachokiona hapa chini, unamfikia mrushaji aliyesimama mita 11.5 mbele katika sekunde 0.26 hivi, naye ametua kwa mguu mmoja, mwili ukiwa bado unazunguka kutokana na mrusho. Si ajabu warushaji wengi wa shule za Marekani sasa huvaa barakoa za chuma usoni.

Kikomo chenyewe kina historia ya kutatanisha. Chama cha softiboli cha wachezaji wa ridhaa cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1933 na ambacho tangu 2017 kinaitwa USA Softball, kiliweka mwaka 2004 kiwango cha maili 98 kwa saa, kama kilomita 158, kwa kasi ya mpira unaotoka kwenye gongo. Magongo yanayopita hubeba alama ya 2004, na baadaye ya 2013. Chama kingine kikubwa, USSSA, kilitumia kipimo cha aina nyingine kabisa: kilipima ni kiasi gani gongo linauongezea mpira mrudio kuliko ukuta mgumu, na kikaweka kikomo cha 1.20, yaani ongezeko la asilimia 20. Vipimo hivi viwili havilingani. Kile cha USSSA hutazama tumbo peke yake, trampolini tupu, bila kujali gongo lina uzito gani au mchezaji anaweza kulizungusha kwa kasi gani. Kile cha 98 hujaribu kuhesabu pigo zima: mpira, ukuta, uzito na mzunguko. Gongo linaweza kupita kimoja na kushindwa kingine, na mzazi asiyejua tofauti hujikuta na gongo la bei ghali ambalo mwamuzi hatalikubali kwenye mashindano ya wiki ijayo.

Kwa maoni yangu kipimo cha 98 ndicho sahihi, na sababu ni jinsi kinavyofanyika. Katika maabara ya sayansi ya michezo ya Chuo Kikuu cha Washington State, mjini Pullman, ambako Lloyd Smith na wenzake wamepima magongo kwa miaka mingi, gongo hufungwa kwenye kishikio kinachozunguka huru. Mzinga wa hewa hurusha mpira kwa maili 110 kwa saa ukalipiga gongo lililotulia. Kasi ya kuja na ya kurudi hupimwa kwa vihisi vya mwanga, kisha hesabu hugeuza matokeo hayo kuwa pigo la uwanjani. Ili hesabu hiyo ikamilike, maabara lazima iwe na namba moja zaidi kuhusu gongo: momenti ya inesha, ambayo nitaiita uzito wa kuzungusha.

Shika nyundo kwenye mpini uizungushe, kisha igeuze uishike kichwani uizungushe tena. Uzito kwenye mizani ni mmoja. Mkono unaijua tofauti mara moja. Uzito wa kuzungusha ndio huo: unahesabu gramu ngapi zipo na pia ziko umbali gani kutoka kwenye mikono. Umbali una nguvu zaidi, kwa kuwa unajizidisha wenyewe; gramu 10 zilizowekwa nchani zina athari kubwa kuliko gramu 10 hizohizo zilizowekwa katikati, na zilizowekwa kwenye kifundo cha mpini karibu hazihesabiki kabisa.

Je, mchezaji huhisi uzito wa mizani au uzito wa kuzungusha? Lloyd Smith, Jeff Broker na Alan Nathan walilijibu swali hili kwa jaribio safi mno, lililotolewa mwaka 2003. Walitengeneza makundi mawili ya magongo ya softiboli. Katika moja, uzito wa mizani ulikuwa mmoja na uzito wa kuzungusha ukabadilika; katika jingine, uzito wa kuzungusha ulikuwa mmoja na ule wa mizani ukabadilika. Wachezaji wa mrusho wa polepole wakayazungusha yote. Kasi ya gongo ilifuata uzito wa kuzungusha, na aunsi peke yake hazikuwa na athari ya kuonekana. Kwa maneno mengine, namba iliyochapwa kwenye magongo yote duniani, ile inayozungumzwa dukani na kambini, haikueleza kasi ya kuyazungusha. Isiyochapwa ndiyo iliyoieleza.

Matokeo hayo yanatoa pia kipimo cha ukubwa. Uzito wa kuzungusha ukiongezeka kwa asilimia 10, kasi ya gongo hupungua kwa kiasi cha asilimia 2 na nusu. Ni punguzo dogo kuliko wengi wanavyodhani, na hapo ndipo inapoanguka imani moja iliyokita mizizi, kwamba gongo jepesi huupeleka mpira mbali zaidi kwa sababu linazunguka haraka. Tuhesabu. Mchango wa kasi ya mrusho na wa kasi ya gongo katika pigo hauko sawa hata kidogo. Tuchukue gongo ambalo, likipigwa likiwa limetulia, huurudisha mpira kwa asilimia 15 ya kasi yake ya kuja. Mpira unapofika kwa kilomita 100 kwa saa, mrusho unachangia kilomita 15. Gongo linalozunguka kwa kilomita 95 kwa saa linachangia mara 1.15 ya hiyo, yaani 109. Jumla ni 124. Mrushaji akiongeza kilomita 5, pigo linaongezeka kwa chini ya kilomita moja. Mpigaji akiongeza kilomita 5, linaongezeka kwa karibu sita. Hadi hapo wapenzi wa gongo jepesi wanaonekana wako sahihi.

Lakini ile asilimia 15 haisimami tuli. Gongo zito zaidi kwa ncha halisukumwi nyuma sana na mpira, kwa hiyo linaurudisha kwa asilimia kubwa zaidi. Ukiongeza uzito wa kuzungusha kwa asilimia 10, hesabu ya kawaida ya mgongano huipandisha ile 15 hadi karibu 18, na faida hiyo inalipa kasi iliyopotea na kubakiza kilomita mbili au tatu juu yake. Gongo zito kidogo huupeleka mpira kwa kasi kubwa zaidi, likiupata mpira. Neno "likiupata" ndilo linalobeba softiboli yote ya mrusho wa kasi. Gongo linalozunguka haraka kwa asilimia 5, katika mzunguko wa sekunde 0.15, linampa mpigaji zaidi ya sehemu saba za elfu za sekunde za kusubiri kabla ya kuamua, na mpira ukikaribia besi husafiri kama sentimita 20 katika muda huo. Sentimita 20 za mwisho ndizo ambamo mpira wa kuzama hujifichua. Mpigaji wa gongo jepesi ananunua muda na usahihi, akilipa kwa nguvu kidogo. Hiyo ni biashara nzuri kwa wengi, mbaya kwa baadhi, na mtu hawezi kuifanya vizuri asipojua bei.

Wachezaji wenyewe huichagua kwa mikono. Wapo wale wa kushoto wanaopiga huku tayari wanakimbia kuelekea besi ya kwanza, ambao hawataki mpira uende mbali bali utue mahali pasipo na mtu. Hao hupenda gongo lenye uzito uliorudi nyuma kuelekea mikononi. Mpigaji wa nne katika mpangilio, aliye na mabega na mwendo mfupi, hupenda ncha nzito. Watengenezaji wanajua hivyo na huita magongo yao "yenye mizani" au "yenye mzigo nchani". Maneno hayo hayana kipimo. Gongo la mzigo nchani la kampuni moja linaweza kuwa jepesi kuzungusha kuliko la mizani la kampuni nyingine, na hakuna anayevunja kanuni yoyote.

Kuhusu mpini wa vipande viwili nitasema machache, kwa sababu umuhimu wake umekuzwa kupita kiasi. Kuunganisha mpini na tumbo kwa kiungo chenye mpira laini hupunguza mtikisiko unaochoma viganja mpira unapogonga nje ya sehemu bora, ile iliyo kati ya sentimita 12 na 18 hivi kutoka nchani. Kwa msichana wa miaka 12 anayecheza asubuhi ya baridi, hiyo ni faida halisi, kwani anayeogopa maumivu huacha kuzungusha kwa nguvu. Lakini matangazo husema kiungo hicho hulifanya gongo lipinde na kurudi kwa mjeledi, likiongeza kasi. Muda hauruhusu. Mpira hukaa kwenye gongo kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wimbi la mtikisiko likitoka tumboni halijawahi kufika mikononi na kurudi kabla mpira haujaondoka. Kwa sababu hiyohiyo, kukaza mikono zaidi wakati wa kugonga hakumwongezei mpigaji chochote. Kwa mpira, katika ule muda wa kugusana, ni kana kwamba hakuna anayelishika gongo.

Sehemu ya mpira katika haya yote nayo huachwa nyuma isivyostahili. Kwenye mrusho wa polepole, ambako wanaume wenye nguvu walikuwa wakipiga mipira ya kutisha, vyama vililegeza mpira wenyewe ili kupunguza hatari bila kutupa magongo ya watu. Mrusho wa kasi umebaki na mpira mgumu unaohitaji kani ya ratili 375 kubonyezwa robo inchi. Mpira mgumu hulibonyeza tumbo zaidi, kwa hiyo huongeza trampolini, na huwa mgumu zaidi siku ya baridi. Ndiyo maana watengenezaji wa magongo ya nyuzi huonya yasitumiwe kwenye baridi kali, kwani hupasuka. Ikiwa siku moja kasi ya mapigo itaonekana imewazidi warushaji, kubadili mpira ndiyo njia ya haki kuliko zote. Mpira mmoja hupigwa na timu zote mbili.

Je, imewazidi? Mpigaji Jocelyn Alo alimaliza masomo yake Chuo Kikuu cha Oklahoma mwaka 2022 akiwa ameuvusha mpira uzio mara 122, wakati rekodi aliyoivunja, ya Lauren Chamberlain wa chuo hichohicho, ilikuwa 95. Ni rahisi kulinyooshea kidole gongo. Sikubaliani. Kikomo cha 98 hakijapanda tangu 2004, na vyuo hubana matumbo ya magongo kwa mashine kabla ya mechi ili kuyaondoa yaliyolainika kupita kiasi. Kilichopanda ni mazoezi ya nguvu, kamera zinazopima kila mzunguko, na wasichana wanaoanza kupiga wakiwa na miaka saba. Gongo liliwafungulia mlango kati ya 1970 na 2004. Baada ya hapo ni wao. Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 ndani ya siku mbili katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na kuipatia nchi yake dhahabu mbele ya Marekani, kisha akarudi kutwaa nyingine katika michezo ya Tokyo, ni ushahidi kwamba mrushaji hodari bado anaweza kuyanyamazisha magongo makali.

Swali la gongo gani linageuka kabisa mahali ambapo gongo moja hutumiwa na timu nzima. Softiboli inachezwa Uganda, Kenya na Tanzania, na Dar es Salaam una uwanja wa Koshien katika Shule ya Sekondari ya Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Kwa timu ya namna hiyo singeshauri nyuzi za kaboni hata zikitolewa bure, isipokuwa zimekaguliwa: gongo lililokwisha kulainika linaonekana zima, na ufa wake wa kwanza unaoonekana mara nyingi ndio wa mwisho. Aluminiamu ya kipande kimoja, yenye uzito wa kuzungusha wa wastani, huvumilia mikono 15 tofauti, haihitaji kuzoeshwa, na makovu yake yanaonekana kwa macho.

Tena uzito wa kuzungusha hauhitaji maabara. Tafuta mizani ya jikoni, rula na saa ya simu. Pima uzito wa gongo. Lilaze juu ya ukingo mwembamba hadi litulie, upate kitovu cha uzito. Kisha lining'inize liweze kubembea kutoka nukta iliyo inchi 6 juu ya mwisho wa kifundo cha mpini, nukta ileile inayotumiwa na maabara, ncha ikitazama chini. Lisukume kidogo, hesabu mabembeo kumi ya kwenda na kurudi, gawanya muda kwa kumi. Zidisha muda huo kwa wenyewe, zidisha kwa uzito, zidisha kwa umbali kati ya nukta ya kuning'inizia na kitovu cha uzito. Usijali kuhusu vigezo vingine vya hesabu. Ni vilevile kwa kila gongo. Namba unayopata haitakuwa na maana peke yake, ila ukiipata kwa magongo matano ya timu yako utaweza kuyapanga kutoka jepesi hadi zito kwa namna ambayo aunsi zilizoandikwa juu yake haziwezi, na huenda ukaona la aunsi 22 likiwa zito kuliko la aunsi 24.

Kocha wa shule asingepaswa kufanya hivyo kwa kamba na saa. Namba hii imekwisha kupimwa. Kila aina ya gongo iliyopata alama ya 2004 au 2013 ilipimwa uzito wake wa kuzungusha, kwa kuwa bila huo hesabu ya maili 98 haikamiliki, na mtengenezaji ndiye aliyelipia kipimo. Besiboli ya vyuo vya Marekani imekwenda mbele zaidi: ina kiwango cha chini cha momenti ya inesha kwa kila urefu wa gongo, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba ni jambo gumu kwa viwanda. USA Softball inaweza kudai namba hiyo ichapwe kando ya alama yake ya kuidhinisha, kwa tarakimu zilezile zilizo kwenye ripoti ya maabara, ili mzazi anayetoa dola 400 na kocha anayepokea magongo ya msaada wajue wameshika nini.